Fundi Timazi na Pampu ya Mafuta ya Moto

Fundi Timazi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na waashi, alipokuwa kijana akiwabebea matofali, kwa sababu kila walipomaliza ukuta yeye aliusogelea, akafumba jicho moja, akautazama kitambo, kisha akatamka kwa masikitiko kwamba umelala kidogo. Timazi ni ule uzi wenye chuma kizito mwishoni ambao waashi huutumia kupimia wima wa ukuta, na wale waashi waliona kuwa, maadamu kijana yule yupo, hakuna haja ya kununua mwingine. Baada ya muda walimwomba kwa upole atafute kazi mahali pengine. Akaenda kwenye mashine, na mashine zikampokea vizuri zaidi. Ukuta uliolala kidogo huweza kusimama miaka mingi bila kusema neno, lakini mashine iliyolala kidogo hulalamika siku hiyo hiyo, na Timazi alipenda kufanya kazi na kitu kinachokubaliana naye.

Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe zake, alikaribishwa, akaketi, akajibu salamu zote kwa adabu. Baba mkwe alipoanza kumuuliza habari za ukoo wake, mgeni hakuonekana tena kitini. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akikunja kipande cha karatasi na kukisukuma chini ya mguu uliokuwa mfupi kuliko mingine. Wazee walitazamana. Baba mkwe alieleza baadaye kwamba meza ile ilikuwa ikiyumba tangu yeye mwenyewe alipooa, na kwamba mtu aliyeweza kuituliza huenda angeweza kumtuliza na binti yake. Katika hilo la pili alikosea.

Binti huyo, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mke wa Timazi, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Aliwasimulia majirani kwamba nyumbani kwake ndala zikivuliwa ovyo mlangoni hukutwa baada ya muda mfupi zimejipanga kama askari wa gwaride, kwamba chai ya mumewe hupoa akiwa bado anapanga vikombe, na kwamba yeye hulala akiwa amepinda kwa makusudi, angalau pawe na kitu kimoja ndani ya nyumba ambacho mumewe hawezi kukinyoosha. Pamoja na mume huyo, Mungu alimjalia mdogo wake wa kiume, ambaye alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mdogo huyu naye alikuwa fundi, naye alifanya kazi katika kiwanda kile kile cha sabuni alichofanyia kazi shemeji yake. Watu walimwita Njiani. Ukimuuliza yuko wapi, alijibu kwamba yuko njiani, hata kama kwa masikio yako unamsikia akijimwagia maji bafuni.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo. Mwenye kiwanda alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliyeanza kwa kupika sabuni uani kwake, na wote walimwita Mama Sabuni. Mafuta yalipashwa moto katika tangi, kisha pampu iliyasukuma hadi kwenye sufuria kubwa ya kupikia. Pampu hiyo ilizungushwa na mota ya umeme iliyokaa mbele yake, zote mbili zikiwa juu ya kitako kimoja cha chuma. Shafti ya mota na shafti ya pampu, yaani zile fimbo za chuma zinazozunguka, zilikutana katikati, na hapo zilifungwa pamoja kwa kiungo ambacho mafundi hukiita kaplingi.

Shafti mbili za namna hii hupaswa kukaa katika mstari mmoja, kana kwamba ni shafti moja tu. Ikiwa moja iko juu kuliko nyingine, hata kwa unene wa kipande cha bati, hazitaacha kuzunguka. Zitazunguka zikivutana, mfano wa watu wawili wanaopandisha kitanda kwenye ngazi, kila mmoja akiamini kuwa mwenzake ndiye asiyejua kubeba. Mvutano huo hauonekani kwa macho. Hujitokeza kama mtetemo. Kadiri shafti zinavyoachana, ndivyo mtetemo unavyopanda, na mzigo wote huziangukia beringi, yaani zile bangili za chuma zenye gololi ndani zinazoishikilia shafti. Beringi hupata moto, hulia, na mwishowe huvunjika.

Katika kiwanda kile hakukuwa na chombo cha kupimia mtetemo, wala hakuna aliyeona upungufu huo. Chumba cha pampu kilipakana na chumba cha kufungia sabuni, na akina mama wafungaji walikuwa na meza ndefu iliyogusa ukuta. Pampu ilipotulia, sabuni zilizowekwa mezani zilibaki zilipowekwa. Ilipotetemeka, zilianza kuondoka kuelekea ukingoni, polepole na kwa heshima, kama watu wanaotoka kwenye mkutano kabla haujafungwa. Mkubwa wa wafungaji, bibi mmoja ambaye ulimi wake haukujua likizo, alitoa taarifa kupitia dirishani. Kulikuwa na siku ambazo sabuni zilitembea, na siku ambazo zilikimbia.

Timazi alikuwa fundi wa asubuhi. Alifika kabla moto haujawashwa, akaondoa kifuniko cha kaplingi, akalaza rula yake ya chuma juu ya kiungo na kuchungulia kama kuna mwanga unaopita chini yake. Alipima juu, akapima ubavuni, akapima tena juu, na hakuikaza nati ya mwisho mpaka moyo wake uliporidhika. Pampu ikawashwa, ikanguruma kwa utulivu. Adhuhuri ilipokaribia, sabuni zilianza kuamka, lakini wakati huo Timazi alikuwa akinawa mikono tayari kwenda nyumbani, na aliyasikia malalamiko ya dirishani kwa sikio moja.

Njiani alifika mchana, baada ya mchana wenyewe kufika. Aliweka kiganja juu ya beringi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza tumbo la mtoto, akatikisa kichwa, akaisimamisha pampu. Kisha alilegeza bolti za mota, akaiinua kwa wenzo, akaingiza vipande vya bati alivyokata kutoka kwenye debe chini ya kila mguu, akakaza, akawasha. Sabuni zikatulia mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata Timazi aliikuta mota imepandishwa juu kama mgeni wa heshima. Alihuzunika. Aliondoa vipande vyote vya bati, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, alivitundika kwenye msumari ukutani. Akainyoosha pampu upya. Mchana Njiani alivitafuta vipande vyake, hakuviona, maana hakuwa mtu wa kutazama ukutani, akakata vingine. Mambo yakaenda hivyo msimu mzima, na mara kwa mara beringi ikavunjika. Timazi alimwambia mkewe kuwa ndugu yake hupima kwa tumbo. Njiani alimwambia dada yake kuwa shemeji ni timazi kweli, ila uzi wake umeoza. Mwanamke yule aliwasikiliza wote wawili, akamjibu kila mmoja kwamba ana haki, na akaendelea kuchambua mchele.

Ndipo beringi ilipovunjika tena, sufuria ikiwa imejaa, na sabuni ya siku nzima ikagandia humo kama zege. Mama Sabuni aliwaita mafundi wake wote wawili ofisini. Hakupandisha sauti; hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa.

“Mimi sijui shafti,” aliwaambia. “Ninajua kwamba nina mafundi wawili na pampu moja, na kila fundi ananiambia mwenzake ndiye anayeiharibu. Haiwezekani wote mkawa wazuri. Jumamosi nitabaki na mmoja. Nendeni mkatafute ni yupi, mniletee jibu.”

Jioni hiyo Timazi alimweleza mkewe habari hizo akiwa amekaa pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza hakunyoosha shuka. 

“Akifukuzwa mdogo wangu, nitakununia wewe,” alisema mke. “Ukifukuzwa wewe, nitamnunia yeye. Mimi hapo sina pa kupumzikia. Njoo ule, chakula kinapoa.”

Kesho yake Timazi aliondoa tena vipande vya bati kama desturi, akaenda kuvitundika, na msumari haukuweza kupokea zaidi. Akapigilia wa pili kando yake. Bila shaka hakuweza kuvumilia msumari mmoja ujae na mwingine uwe mtupu, kwa hiyo aliviteremsha vyote ili avigawe sawasawa. Ilikuwa katika kugawa huko ndipo alipogundua jambo. Vipande vilikuwa vimeunganishwa viwili viwili, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyovitoa chini ya kila mguu. Hakuna siku ambayo Njiani aliweka kimoja. Hakuna siku aliyoweka vitatu. Alivibana kimoja kimoja kwenye kipimo chake, na unene haukubadilika.

Alikaa juu ya ndoo, akafikiri. Mtu asiyejua kupima hukosea kila siku kosa jipya. Leo atazidisha, kesho atapunguza. Hili lilikuwa kosa moja, lile lile, tangu mwanzo wa msimu. Na kosa linalojirudia bila kubadilika hata kidogo huanza kufanana na kipimo. Wazo hilo halikumfurahisha, lakini alikuwa mwaminifu kwa vitu vilivyonyooka, na wazo lenyewe lilikuwa limenyooka.

Alimfuata shemeji yake, akamwomba afike alfajiri ya siku inayofuata ili waitazame pampu pamoja tangu inapoanza mpaka mchana, bila yeyote kuigusa. Njiani alikubali mara moja, kisha akauliza kama hakuna alfajiri nyingine inayokuja baadaye kidogo. Suala hilo lilitatuliwa na dada yake. Kulipopambazuka alionekana akiingia langoni, kwa mkono mmoja amemshika mdogo wake, na kwa mkono mwingine amebeba viatu vya mdogo huyo.

Spana ilikabidhiwa kwa yule bibi mkubwa wa wafungaji, ambaye hakuwa upande wa mtu yeyote. Ili kuhakikisha usalama wake, aliikalia.

Lakini kabla haijakaliwa, Timazi aliinyoosha pampu kwa namna yake yote, na alipomaliza alimpa Njiani rula. Njiani aliilaza juu ya kaplingi, akainama, akachungulia, akahamia upande wa pili, akachungulia tena. Alikuwa amejiandaa na maneno kadhaa, na sasa hakujua ayaweke wapi.

“Imenyooka, shemeji,” alisema. “Hata mwanga haupiti.”

“Hivi ndivyo ninavyoiacha kila siku.”

“Basi wanga wanakuja huku nyuma yako, maana mimi sijawahi kuikuta hivi.”

Wakaiwasha. Ilinguruma vizuri. Waliketi kwenye makreti, mikono magotini, kila mmoja akiitazama mikono ya mwenzake zaidi kuliko alivyoitazama mashine. Mafuta ya moto yakaanza kupita. Baada ya muda Njiani aliweka kiganja juu ya beringi na kusema kwamba kuna kitu kinakuja. Timazi aliweka chake, akakanusha. Akakirudisha tena, na safari hii hakukanusha. Mtetemo ulikuwa mdogo, kisha haukuwa mdogo.

“Zimeanza kutembea,” bibi alitangaza kupitia dirishani, bila kuinuka. “Na spana ninayo hapa, wala msinitazame.”

Waliisimamisha pampu. Timazi alilaza rula juu ya kaplingi wakati chuma kikiwa bado cha moto, na safari hii rula haikulala. Upande wa pampu ulikuwa juu. Mwanga ulipita chini ya rula kwa upande wa mota, mstari mwembamba, wenye unene wa vipande viwili vya bati. Alibaki ameinama hivyo mpaka Njiani akaanza kuingiwa na wasiwasi.

“Imenyanyuka,” alisema Timazi.

“Imesimama kutusalimia,” alijibu Njiani.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Chuma kikipata moto hukua. Kila mtu kiwandani alijua kwamba mfuniko wa tangi la mafuta, ambao asubuhi ulicheza huru, hung'ang'ania adhuhuri na kudai kupigwa nyundo. Pampu ilibeba mafuta ya moto tumboni, kwa hiyo ilikua kutoka miguuni kwenda juu na kuipandisha shafti yake. Mota ilikuwa na feni yake, ikabaki imepoa na fupi. Timazi alikuwa akizipatanisha asubuhi, zote mbili zikiwa baridi, kisha akaondoka na kuziacha zigombane mchana kutwa. Njiani alizikuta zikiwa moto, akazipatanisha kama zilivyo, na upatanisho wake ungedumu kama asubuhi usingekutana na msumari wa shemeji yake. Hakuyajua haya yote. Hakuwa na nadharia yoyote. Alipatia kwa sababu tu hakuwahi kufika mapema.

Alipoelewa hivyo, Njiani alicheka mpaka akalazimika kukaa chini sakafuni. Aliomba iandikwe mahali kwamba kuchelewa kwake ni kazi ya kitaalamu. Timazi hakucheka. Aliomba spana, akasubiri bibi ainuke kwa hatua zake, akaingiza vipande viwili vya bati chini ya kila mguu wa mota kwa mkono wake mwenyewe, akakaza. Pampu ikawashwa, ikatulia. Kisha akaosha mikono na kwenda ofisini, kwa kuwa alikuwa ametumwa jibu na sasa alikuwa nalo.

“Mama,” alisema, “jibu ni mimi.”

Alimweleza yote, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia chochote. Mama Sabuni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Timazi hakulitarajia: kesho asubuhi, ikiwa vipande vya bati vitabaki hapo, pampu itaanzaje? Timazi alijibu kwa taabu kwamba itaanza ikiwa imepinda, mota juu na pampu chini. Itatetemeka mpaka ipate moto, pampu ipande iifikie mota, ndipo itulie. Kutetemeka kwa kitambo kama hicho hakutaiua beringi. Kilichoziua zile za nyuma ni kutetemeka tangu adhuhuri mpaka shemeji yake afike, na siku alipochelewa kuliko kawaida, mpaka jioni.

“Na wewe utaweza kuiona imepinda, ukaiacha?”

Mkono wa Timazi ulikuwa tayari umeanza kuinyoosha kalamu iliyokuwa mezani.

“Fundi wa kuinyoosha kila asubuhi simhitaji tena,” alisema Mama Sabuni. “Namhitaji wa kuiwasha mapema na kuiacha. Huyo shemeji yako hawezi kuamka. Leo nimeona jinsi alivyoletwa. Jumamosi utaiwasha wewe. Ukiiacha, mtabaki wote wawili. Ukiigusa, nitabaki na huyo anayechelewa, na tutapika sabuni mchana.”

Jumamosi Timazi aliiwasha pampu kukiwa bado na ukungu. Ilianza kutetemeka papo hapo, na kila mtikisiko ulimpanda kutoka kwenye nyayo. Alikaa kwenye kreti, akaikalia mikono yake. Alitazama dari, na dari ilikuwa na ubao mmoja uliolegea, akatazama sakafu. Upande wa pili wa ukuta sabuni zilikuwa zikidakwa na akina mama wafungaji, ambao walikuwa wameelezwa habari nzima na sasa walizidaka kimya kimya, kwa moyo wa kumhurumia. Kuna wakati aliinuka. Aliifikia spana, akaishika, akaipima uzito wake. Wakati huo Njiani aliingia, nywele hazijachanwa, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Dada yake alikuwa amemwamsha akamwambia aende akakae na mumewe, kama mtu anavyokwenda kukaa na mgonjwa.

Njiani aliichukua spana mkononi mwa shemeji yake bila kunyang'anya, akaiweka mfukoni mwake, akamrudisha kwenye kreti na kuketi naye. Akamsimulia habari ndefu ya mtu aliyenunua kitanda kisichoingia mlangoni. Timazi hakusikia hata neno moja.

“Mbona haitulii?” aliuliza.

“Iko njiani, shemeji. Hayo mimi nayajua.”

Mafuta yalizidi kupata moto. Chuma kilianza kutoa ile harufu yake ya kukolea moto. Njiani alikomea katikati ya habari yake, akaweka kiganja juu ya beringi, kisha akauchukua mkono wa Timazi na kuuweka hapo hapo. Mtetemo ulikuwa ukishuka. Ulishuka kama mtoto anayebembelezwa, akilia, akikwama, akilia kidogo, mpaka kikabaki kile kinong'ono cha chuma kinachozunguka bila kuvutwa na mtu. Hakuna aliyekuwa amegusa chochote. Timazi aliuacha mkono wake pale zaidi ya ilivyohitajika.

Mama Sabuni aliingia akiwa na khanga begani, akaziinamia nati za mota moja moja, akaona vumbi la jana bado liko juu yake.

“Jumatatu asubuhi anakuja nani?” aliuliza.

Timazi alisema ni yeye. Njiani alisema kuwa yeye atakuwapo mchana, au karibu na mchana. Mama Sabuni aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kuonja sabuni kwa ncha ya ulimi kama imeiva.

Tangu hapo, kila asubuhi Fundi Timazi huiwasha pampu, hutoka nje ya chumba, na kukaa akiipa mgongo mpaka chuma kipate moto. Hajazoea, wala hadai kwamba atazoea. Mke wake humfungia chupa ya chai kwa ajili ya kitambo hicho, na huwaambia majirani kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yao mumewe kuinywa chai ikiwa bado ya moto.